Maziwa ya Juu

Watu wa kwetu waliogopa vitu viwili: chifu na kipande cha kioo. Kwa chifu siwalaumu. Lakini kile kioo kilikuwa chombo cha kupimia maziwa tu, kirefu kama kalamu, tumbo lake limetiwa risasi na shingo yake nyembamba imeandikwa namba. Unakitumbukiza ndani ya maziwa, kinaelea wima. Maziwa yakiwa mazuri shingo inachomoza juu. Yakiwa na maji shingo inazama. Kwa kuwa kilisimama wima namna ile, wakulima walikipa jina la askari. Nimewaona wanaume wenye zizi kubwa, wanaume waliozoea kubishana barazani mpaka mate yanaruka, wakivua kofia askari alipotumbukizwa katika maziwa yao. Walizishika kofia kifuani na kusubiri kama watu wanaosomewa hukumu.

Askari hajui wizi. Hajui hata maji. Anajua jambo moja, densiti, yaani uzito wa kitu ukigawanywa kwa ujazo wake. Kioevu chenye densiti kubwa humwinua, chenye densiti ndogo humzamisha. Hilo ndilo somo lote, na mtoto wa kidato cha kwanza mwenye akili za kawaida hulimaliza kwa juma moja. Katika lokesheni yetu nzima, kutoka barabara ya Bomet mpaka bondeni, aliyelielewa alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Nilirudi nyumbani mwishoni mwa miaka ya sitini nikiwa na diploma ya kemia. Naitaja diploma hiyo bila aibu kwa sababu hakuna aliyenisaidia kuipata. Nilichuma chai katika mashamba ya Kericho nikiwa sijaota ndevu, nikaosha chupa katika maabara ya kiwanda, nikasoma kwa njia ya posta, kisha nikavuka bahari na kusugua sufuria za hospitali ya Waingereza ili nilipie masomo ya jioni. Hakuna mjomba aliyeuza fahali kwa ajili yangu. Wajomba walisema nitarudi kichaa, au nitarudi na mke mweupe, au sitarudi. Niliporudi na akili zangu, bila mke, na suti mbili, waliniletea chupa za dawa ya kupe niwasomee maandishi.

Nikapewa kazi ya kufundisha sayansi katika shule ya harambee iliyokuwa juu ya kilima, mabati matupu bila dari, mvua ikinyesha hakuna anayesikia kitu. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa Biblia na jembe. Kabla sijafika, kemia ilifundishwa kwa kuimbwa: uzito gawa kwa ujazo, uzito gawa kwa ujazo, darasa zima linayumba kama kwaya. Hakuna hata mmoja aliyewahi kugawanya chochote.

Nikafuta wimbo, nikaandika swali ubaoni. Vikombe vitano vya maziwa, kila sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 1.030. Ukiongeza kikombe kimoja cha maji, ambayo sentimita yake ina gramu 1.000, densiti ya mchanganyiko itakuwa ngapi? Swali jepesi kuliko hilo silijui. Mara tano 1.030 ni 5.150, ongeza moja, gawa kwa sita, unapata 1.025, ambayo kwenye shingo ya askari husomwa ishirini na tano. Basi.

Mvulana mmoja mkubwa, mwenye ndevu kunishinda, akainua mkono.

"Mwalimu, hiyo ni maziwa ya ng'ombe ya nani?"

"Ya ng'ombe yeyote."

"Hapana, mwalimu. Ng'ombe ya nani?"

Darasa zima likamuunga mkono kwamba swali halijibiki mpaka mwenye ng'ombe ajulikane. Huko ndiko nilikorudi na diploma yangu.

Sasa nije kwa mama. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe wa kienyeji, wadogo, weusi, wenye nundu, na alipeleka maziwa kwenye kituo cha chama cha ushirika kando ya barabara. Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha mbao chenye sakafu ya saruji na karani mmoja. Karani huyo alijiona mzungu mdogo. Aliwahi kufanya kazi katika shamba la mzungu karibu na Kedowa, akibeba chombo hichohicho nyuma ya bwana wake, na kwa kuwa alikibeba aliamini amekielewa. Alivaa koti jeupe. Sijui lilitoka wapi. Mtu mwingine kwetu aliyevaa koti jeupe alikuwa mchinjaji, na la mchinjaji lilikuwa safi zaidi.

Sheria ya kituo ilikuwa hivi: askari akizama, maziwa yanamwagwa palepale kwenye nyasi mbele ya foleni, iwe funzo. Yakimwagwa mara tatu, mwanachama anarudisha mkebe wa chama na jina lake linafutwa. Karani hakupima kila mkebe kila siku, ila aliyemwagiwa mara mbili alipimwa kesho yake.

Asubuhi moja ya likizo nilikuwa nje nikinyoa ndevu, mama akatokea njiani na mkebe kichwani. Aliutua chini, nao ukalia kama kengele.

"Umerudi mapema," nikamwambia. "Lori limeshachukua?"

"Nyasi zimechukua."

"Askari amezama?"

"Mpaka shingoni. Karani anasema kila vikombe vitano nimeweka kimoja cha maji. Amesema mbele ya watu wote." Akaketi kwenye kigogo. "Ni ya pili hii, weri. Ya tatu narudisha mkebe."

Weri kwetu ni mtoto wa kiume, na mama aliniita hivyo hata nikiwa nimevaa tai. Nikafuta sabuni usoni. Sikumuuliza kama alitia maji. Mwanamke huyu alikuwa akiitwa kwenye kila sherehe ya ukoo alete mursik, maziwa yetu ya kugandishwa ndani ya kibuyu, kwa sababu hakuna aliyewahi kupata kasoro katika kibuyu chake. Tangu umwagaji wa kwanza palikuwa na sherehe mbili ng'ambo ya kijito, na hakuna aliyemwita. Walimpita kimya kimya. Watu wasioweza kugawanya kwa sita walikwisha kumhukumu kwa sababu kipande cha kioo kilizama na mtu wa koti jeupe akasema kitu. Mkebe ni bati tu. Kilichokuwa kinamwagwa kwenye nyasi ni jina la mama yangu.

Jioni ile nikavuta kiti mlangoni pa jikoni nikamtazama anavyofanya kazi, kama ningemtazama mwanafunzi katika maabara. Alikamua, akachuja, akamimina maziwa katika kibuyu kikubwa kilichosafishwa, akakiegemeza ukutani penye baridi. Kulipokucha akakibeba kwa mikono miwili taratibu sana, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, akainamisha mdomo wake juu ya mkebe. Maziwa ya juu yakateremka, ya manjano, yamekolea, yakitoka kwa uvivu. Yalipoanza kuwa meupe na kukimbia, akakiinua kibuyu. Yaliyobaki akayaweka kando kwa chai.

"Kwa nini humimini yote?"

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini tunaingia kwa mlango.

"Ya chini ni ya nyumbani. Ya juu ni ya mgeni."

"Mgeni gani?"

"Hao wa chama. Wanapeleka maziwa kwa watu hatuwajui, mpaka mjini. Nitampa mtu simjui maziwa ya chini?"

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Kwetu mgeni humiminiwa ya juu, kibuyu kisitikiswe, na mwenye nyumba anakunywa kinachobaki. Tangu ajiunge na chama, mama alikuwa akiwapa heshima ya mgeni kila siku ya Mungu: malai matupu, mafuta yote ya zizi lake. Na mafuta ni mepesi kuliko maji. Yule askari akitumbukizwa katika maziwa yenye mafuta mengi anazama vilevile anavyozama katika maziwa yaliyotiwa maji. Namba moja, sababu mbili. Karani alijua moja, kwa kuwa ng'ombe wa gredi wa Kedowa, wale madoadoa wanaojaza ndoo kwa maziwa mepesi, hawakuwahi kumfundisha ya pili.

"Mama, jambo ni dogo. Rudisha hayo kibuyuni, utikise kwanza, umimine yote. Askari atasimama."

"Atasimama?"

"Lazima asimame."

Akafunika mkebe kwa jani, akalifunga kwa kamba.

"Nikitikisa leo na askari asimame, watasema nini?"

"Watasema maziwa ni mazuri."

"Watasema nimeacha kutia maji," akasema.

Mimi nina diploma. Mama hakusoma hata siku moja, lakini watu wa kijiji kile aliwajua kuliko nilivyowajua, na alikuwa sahihi katika kuwadharau. Akasema atapeleka yaleyale, yamwagwe au yasimwagwe, na kama shule zangu zina faida yoyote nije nazo kituoni. Ningeweza kumkataza. Ikiwa mkebe ungemwagwa mara ya tatu, yote yangekuwa yamekwisha. Nikavaa suti.

Kutoka shuleni nilichukua silinda ndefu ya kioo na mpira mwembamba wa kunyonyea maji. Foleni ilikuwa ndefu, na wote walijua ni siku ya tatu ya mama. Waliokwisha kupimiwa hawakuondoka. Mwenyekiti wa chama mwenyewe alikuwepo, mzee wa koti la mvua na rungu, amekuja kushuhudia. Karani akafungua mkebe wetu, akatumbukiza askari. Akazama. Ishirini na tano.

"Mama," karani akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "hii maziwa iko na maji. Nilikwambia mara ya kwanza, nilikwambia jana."

Akashika mkebe aumwage. Nikaweka mkono wangu juu ya mdomo wake.

"Mwalimu, toa mkono. Hii ni kazi ya chama."

"Ukimwaga, umemwaga ushahidi. Hii namba ina maana gani?"

"Maji."

"Au?"

"Au nini? Maji ni maji."

Mtu mmoja katika foleni akasema, "Mwalimu, ulivuka bahari yote ile kwenda kusomea maziwa ya mamako?" Wakacheka vizuri, wakipigana mabega.

"Nilikwenda kwa sababu hapa hapakuwa na wa kunifundisha," nikamjibu. "Bado hayupo."

Nikamgeukia mwenyekiti. Nikamwambia anipe maziwa yoyote ambayo askari ameyakubali. Akaamuru yaletwe ya kwake mwenyewe, yaliyosoma thelathini. Nikapima vikombe vitano mbele yao, nikaongeza kimoja cha maji ya kijito, nikamwambia karani apime. Ishirini na tano. Jibu la ubaoni, desimali kwa desimali, na sikuwa na shaka hata kidogo.

"Hii tumeweka maji, kila mtu ameona," nikasema. "Ile ya mama inasoma sawasawa na hii. Zote mbili ziwekwe kijitoni penye baridi, mzee mwenyekiti akae hapo na rungu lake, asiguse mtu. Mchana tutapima ya chini."

"Ya chini ya nini?" mwenyekiti akauliza.

"Ya chini ya mkebe, mzee. Mafuta yatapanda juu. Maji hayapandi, yanabaki yamechanganyika. Kama mama ametia maji, huku chini askari atakuwa hoi. Kama ni mafuta, atasimama kuliko alivyosimama katika maziwa yako."

Mzee akachungulia ndani ya mkebe. "Lakini hii maziwa ni nzito, angalia, inashika kidole. Kitu nzito namna hii itakuwaje nyepesi?"

Hapo ndipo nilipowasamehe wanafunzi wangu. Nilimweleza kwamba kukolea si kuwa na uzito, kwamba hata mafuta ya kupaka hushika kidole lakini huelea juu ya maji. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza Kiingereza. Lakini akakaa. Nadhani alipenda wazo la kulinda kitu na rungu.

Lori likaja, likaondoka. Watu wa foleni wakaondoka mmoja mmoja. Walikuja kuona maziwa yakimwagwa, na walipoona hayamwagwi wakakumbuka kazi zao. Jua lilipopita utosi tulibaki watu wanne: mwenyekiti, aliyesinzia, karani, aliyejifanya anapanga mikebe, mama, aliyeketi na miguu yake ameinyoosha mbele, na mimi, niliyesimama kwa sababu hapakuwa na mahali safi pa kuketi kwa suti.

Nikatumbukiza mpira mpaka chini kabisa ya mkebe wa mama, nikavuta, nikajaza silinda bila kugusa utando wa juu. Karani akatumbukiza askari. Akainuka, akainuka, akasimama na shingo nje kama jogoo. Thelathini na tatu. Karani akamtoa, akamfuta kwa koti, akamrudisha. Thelathini na tatu. Kisha yale ya mwenyekiti yaliyotiwa maji: ishirini na nane, na hapo askari akakaa.

"Soma kwa sauti," nikamwambia karani.

Akasoma. Mwenyekiti akaangalia silinda, akaangalia mama, akasafisha koo.

"Basi, maji haiko," akasema.

Hakukuwa na pole. Hakukuwa na samahani. Karani akaanza kuyahamisha maziwa ya mama kwenye ndoo ya kuuzia wafanyakazi wa mashamba, maana lori lilishakwenda. Mwanamke mmoja mchuma chai, wa kutoka nyanda za magharibi, alikuwa akipita na kikapu mgongoni na chupa mkononi. Akanunua, akaonja palepale.

"Eh. Leo mmeamua kutuuzia maziwa," akamwambia karani. "Ile ya kila siku ni ya kunawia mikono."

Mama akasimama, akajipangusa majani.

"Mzee," akamwambia mwenyekiti, "umeyasema kwa ndugu watatu na mgeni mmoja. Yangu yalimwagwa foleni ikiwa imejaa."

"Kesho nitasema, mama."

"Kesho foleni ikijaa."

"Ikijaa."

Na alisema. Kwa hilo namsifu. Asubuhi iliyofuata alisimama juu ya sakafu ya saruji na rungu lake, akatangaza kwamba maziwa ya mama hayakuwa na maji hata siku moja, kwamba askari alizama kwa sababu ya mafuta. Watu wakaitikia kwa vichwa. Yule aliyenitania kuhusu kuvuka bahari akasema alijua tangu mwanzo. Wengine waliondoka wakiamini kwamba mimi nina dawa ya kumwinua askari, na kwa miezi kadhaa walikuja kwangu jioni na kuku mkononi, wakitaka dawa hiyo. Niliwafukuza na kuku wao.

Kabla ya juma kwisha wajumbe wa ng'ambo ya kijito wakaja kumwomba mama alete mursik kwenye sherehe, wakiongea kana kwamba hawakuwahi kumsahau. Akawapangia siku iliyomfaa yeye.

Nilidhani mambo yameishia hapo, na kwamba sasa atatikisa kibuyu kama nilivyomwelekeza. Siku chache baadaye nikamkuta jikoni alfajiri anamimina. Alishika kibuyu kwa mikono miwili, taratibu kama kawaida, akainamisha. Lakini ya manjano aliyamimina katika kikombe kikubwa cha bati, akakisukuma upande wangu wa meza. Kisha akageuza kibuyu juu ya mkebe wa chama, meupe, mepesi, yakikimbia, mpaka tone la mwisho.

"Hukutikisa," nikamwambia.

"Sikutikisa."

"Hayo ni ya chini, mama."

"Ndiyo. Wale si wageni tena."

Nikaenda naye kituoni makusudi nione. Karani akatumbukiza askari, naye akasimama nje karibu nusu ya shingo, juu kuliko maziwa ya mtu yeyote katika foleni ile. Karani akamwinua mama mkono kuwaonyesha wengine.

"Muone hii," akasema. "Hii ndiyo maziwa. Mama, ungekuwa unaleta hii tangu zamani hatungekosana."

Mama akasema ahsante. Foleni ikavuta pumzi ya kustaajabu. Nami, mtu pekee katika lokesheni ile aliyejua kilichokuwa ndani ya mkebe na kwa nini chombo kilisimama, sikuona sababu ya kumfundisha yeyote. Nilirudi nyumbani nikanywa kikombe changu. Malai yalikuwa yameshika ukingo wote, na nilikikwangua kwa kijiko mpaka bati likalia.